Farasi Haingii Uwanjani na Mwili Baridi

Mtu aendaye kutazama mashindano ya farasi wa kuruka viunzi aghalabu huyaelekeza macho yake mahali pamoja tu, penye viunzi vilivyopakwa rangi, waamuzi na vipaza sauti. Humwona farasi akiingia, akivivuka viunzi kumi na vitu kwa muda usiotimia dakika mbili, kisha akatoka. Watu hupiga makofi, na yote huwa yamekwisha. Leo tungependa kuwachukua maafande wetu na ndugu askari wote, wa jeshi na wa polisi, mpaka nyuma ya uwanja ule. Huko pana kiwanja kidogo kisicho na mapambo, na huko ndiko farasi hupashwa mwili moto kabla hajaitwa. Wajuzi wa mchezo huu hukitazama zaidi kiwanja hicho, kwa sababu ushindi na ajali huanzia hapo.

Huenda msomaji akauliza farasi wana nini na askari wa Mbarara, mji wa ng'ombe wenye pembe ndefu na wa matoke. Tunamwomba avumilie kidogo. Jambo lenyewe ni la kila kiumbe mwenye misuli, na waliolichunguza kwanza kwa makini walikuwa wanajeshi.

Farasi aliyelala bandani usiku kucha hutoka akiwa mzito. Saisi humtandika, akahakikisha tandiko limekaa sawa na lijamu haimbani kinywa. Kisha mpandaji huanza kwa mwendo wa polepole, hatamu zikiwa zimelegea, kwa muda wa dakika kama kumi. Mgeni huziona dakika hizo kuwa za bure, lakini katika muda huo farasi hunyoosha shingo na mgongo, akazoea mahali na kelele. Mpandaji naye humsikiliza kwa makalio na mapaja: je, anachechemea? Je, mguu mmoja unaburura? Mambo haya hayajulikani farasi akiwa amesimama.

Baada ya hapo hufuata matiti, ule mwendo wa miguu miwili miwili ya mkingamo, kwa duara kubwa upande wa kulia na kisha upande wa kushoto. Farasi, kama binadamu, ana upande aupendao. Asipozungushwa pande zote mbili ataingia uwanjani akiwa mkavu upande mmoja. Kisha hupanda kwenye shoti ndogo, akasukumwa mbele hatua kadhaa, akarudishwa nyuma, akasukumwa tena. Mpandaji hapo anajaribu breki na moto wa chombo chake, kama vile dereva wa lori la jeshi ajaribuvyo kabla ya kuteremka mlima.

Ndipo zianzapo ruka za majaribio. Kwanza huwekwa miti miwili iliyopishana kama msalaba, mifupi, ambayo farasi huivuka bila wasiwasi na katikati yake humfundisha kwenda sawa. Kisha huja kiunzi cha wima, kinachoinuliwa kidogo kidogo, na mwisho kiunzi cha upana chenye miti miwili sambamba, kimlazimishacho kunyoosha mwili hewani. Ruka nane, kumi au kumi na mbili zatosha kwa farasi aliyekwisha kufundwa. Mpandaji mwenye hofu huruka ishirini, thelathini, akitafuta utulivu wa moyo wake mwenyewe. Na farasi akiitwa, nguvu zake huwa amekwisha kuzimwaga kule nyuma ambako hakuna mwamuzi wa kuzihesabu. Wapandaji wazuri huacha wakati farasi bado ana hamu.

Tena liko suala la saa. Mpandaji huhesabu ni farasi wangapi walio mbele yake, akapima mambo yake ili ruka ya mwisho iwe dakika chache tu kabla ya kuingia. Pakitokea uchelewesho, kiunzi kimevunjika au mwenzake ameanguka, kazi yote huwa hatarini kupotea, kwani mwili ulioachwa umesimama hupoa upesi. Hapo saisi huleta blanketi na farasi hutembezwa, hatembei kwenda popote, ila asigande.

Ndani ya mwili wa mnyama huyu mna mambo ya kustaajabisha. Moyo wa farasi aliyetulia hupiga mara 28 mpaka 44 kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zake zote hupita mara 200. Hakuna injini iwezayo kurushwa hivyo kutoka chini mpaka juu bila kuharibika. Na wengu la farasi ni ghala: huhifadhi akiba kubwa ya chembe nyekundu za damu, zile zichukuazo hewa safi na kuipeleka kwenye misuli. Mnyama aanzapo kazi, wengu hujikamua na kuzimwaga chembe hizo katika mishipa. Damu ambayo wakati wa mapumziko ina chembe nyekundu kiasi cha asilimia 35 hadi 40 huweza kupanda mpaka asilimia 60 na zaidi. Binadamu hana ghala kubwa namna hiyo. Farasi aliyetolewa bandani na kupelekwa moja kwa moja kwenye kiunzi hurushwa kabla misuli yake haijapata moto na kabla pumzi yake haijashika mwendo.

Tena farasi hapumui kwa kinywa, hupumua kwa pua tu. Na aendapo shoti, kila hatua kubwa moja huenda na pumzi moja. Pumzi na miguu vikipishana, mnyama hana mlango wa pili wa kuvutia hewa. Fauka ya hayo, misuli yenye joto hujikaza na kulegea upesi kuliko yenye baridi, na viungo vikisogezwa polepole hulainishwa na ute wake. Kano za miguu ya mbele, ambazo hubeba uzito wa farasi mzima anapotua, ni kama kamba: nene, zenye mvuto, lakini zikikatika huchukua miezi mingi kupona, na farasi wengine hawarudii kazi yao tena.

Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta lipo jambo lililo kinyume kidogo. Yaliyoandikwa kwa ajili ya asubuhi za baridi za Uingereza hayafai kunakiliwa neno kwa neno. Jua la saa sita za mchana hupasha mwili bila kuombwa, na farasi atoaye jasho jingi kabla ya kazi hupoteza maji na chumvi. Michezo ya Olimpiki ilipokaribia kufanyika Atlanta mwaka 1996, katika joto na unyevu wa kiangazi cha Marekani, wataalamu wa mifugo walifanya uchunguzi mwingi juu ya jambo hilo. Vivuli, mashine za kupuliza ukungu wa maji na kumwagia farasi maji baridi vikawa sehemu ya matayarisho. Kwenye joto, mazoezi ya kabla ya shindano hufupishwa na kufanyiwa kivulini. Hayaachwi.

Tulisema kuwa wanajeshi ndio waliolichunguza jambo hili kwanza. Kapteni Federico Caprilli wa Italia, afisa wa askari wapanda farasi, aliona kwamba wapandaji wa zama zake waliegemea nyuma kila farasi aliporuka, wakamvuta kinywa kwa hatamu. Akawatazama farasi wasiopandwa na mtu, akatambua kuwa huhitaji uhuru wa shingo na mgongo. Basi akawafundisha wanafunzi wake kuinama mbele pamoja na mnyama. Alifariki mwaka 1907 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi, lakini majeshi ya dunia nzima yaliufuata mtindo wake, na mpaka leo hakuna aurukaye kwa namna nyingine.

Kwa miaka mingi farasi katika Olimpiki walikuwa shughuli ya maafisa. Luteni Takeichi Nishi wa Japani alishinda kuruka viunzi mwaka 1932 huko Los Angeles, akimpanda farasi wake Uranus. Mwaka 1945 aliuawa vitani katika kisiwa cha Iwo Jima akiwa kamanda wa vifaru, maana zama za farasi vitani zilikuwa zimekwisha. Kapteni Alberto Larraguibel wa jeshi la Chile, tarehe 5 Februari 1949, alimrusha farasi wake Huaso juu ya kiunzi cha mita 2.47, na rekodi hiyo haijavunjwa hata leo. Alifaulu katika jaribio la tatu.

Na iko hadithi moja ambayo tunadhani askari wa vyeo vya chini wataipenda. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 1948, Waswidi walishinda medali ya dhahabu ya timu katika ule mchezo wa farasi kutembea kwa madaha. Kanuni ilitaka wapandaji wa mchezo huo wawe maafisa, na mmoja wao, Gehnäll Persson, alikuwa sajini aliyepandishwa cheo kwa ajili ya michezo tu, kisha akateremshwa. Mwaka uliofuata medali ikanyang'anywa. Hakuna aliyesema sajini alipanda vibaya! Kanuni hiyo ikaondolewa kufikia Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952, na Persson huyo huyo, pamoja na wenzake, akaichukua dhahabu tena.

Kiwanja kile cha nyuma kina aibu zake pia. Wako watu waliogundua kuwa farasi akigongwa miguu na mti wakati wa majaribio, kwa kuinuliwa mti ghafula anapopita juu yake, huogopa na kuikunja miguu zaidi aingiapo uwanjani. Mwaka 1990 jambo hili lilizusha kelele kubwa huko Ujerumani baada ya picha zake kuonyeshwa hadharani. Kanuni za kimataifa zinaukataza mtindo huo kabisa, na leo kiwanja cha majaribio huwa na wasimamizi wake. Viunzi huwekewa bendera nyekundu kulia na nyeupe kushoto, farasi huruka kwa kuelekea upande mmoja tu, na mtesaji huondolewa mashindanoni. Sisi twaona msimamizi wa kiwanja hicho ana kazi nzito kuliko mwamuzi wa uwanja mkubwa, kwa kuwa yeye hulinda mahali ambapo watazamaji hawapo.

Sasa turudi kwetu. Sababu ya farasi kuwa wachache katika Ankole si watu kutowapenda. Mnyama huyu ana maadui wawili wakubwa katika nchi zetu. Wa kwanza ni mbung'o, aletaye nagana. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 vya Afrika Mashariki, vikosi vya wapanda farasi viliwapoteza wanyama wao kwa wingi mno kwa ugonjwa huo, mpaka wapandaji wakajikuta wanatembea kwa miguu. Ankole yenyewe iliwahi kusumbuliwa sana na mbung'o, na katika miaka ya 1950 na 1960 wanyama wa porini walipigwa risasi kwa maelfu ili kumnyima chakula mdudu huyo. Adui wa pili ni ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, uenezwao na visubi wadogo wa usiku, nao huua wengi sana miongoni mwa farasi wasiochanjwa. Punda milia huchukua virusi vya ugonjwa huo bila kuumwa. Na punda milia wako hapo hapo, mashariki ya Mbarara, katika hifadhi ya Ziwa Mburo iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Hata hivyo wageni huweza kuizungukia sehemu ya hifadhi hiyo wakiwa juu ya farasi. Hivyo mwenye kudhani Ankole haina farasi hajafika huko.

Wajuzi wengine wa farasi wako mahali asipopadhania mtu. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyofunguliwa mwaka 1958, leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Wasomali wana ushairi mrefu wa kuwasifu farasi, na wapanda farasi wa Sayyid Mohamed Abdulle Hassan walipigana na Waingereza kwa miaka mingi. Wapanda farasi wa Kioromo walikuwa miongoni mwa jeshi la Menelik huko Adwa mwaka 1896. Neno lenyewe husafiri pamoja na watu: faras kwa Kisomali, feres kwa Kiamhara, farda kwa Kioromo, farasi kwa Kiswahili, embalaasi kwa Kiganda. Mtu aliyekuja na mfuko mmoja mkononi huenda amebeba kichwani elimu ya wanyama ambayo hakuna aliyemwuliza.

Katika viwanja vya vumbi vya Nakivale tumewatazama vijana wakicheza mpira. Wengi huanza mchezo mara tu mpira ufikapo, bila kujinyoosha, wengine peku. Wale wenye kocha huzunguka uwanja polepole kwanza, wakainua magoti, wakakimbia kwa kurudi nyuma, na amri zao ni za Kiswahili ingawa kila mmoja ana lugha yake nyumbani. Si maringo. Uko mpango wa mazoezi ya dakika 20 hivi kwa wachezaji wa mpira, uitwao 11+, ulioenezwa na shirika la mpira la dunia. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Norway kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na waliofuata mpango huo walipata majeraha mabaya karibu nusu tu ya wenzao. Kwa kijana ambaye goti lake ndilo jembe lake na baiskeli yake, nusu hiyo si ndogo.

Na polisi wa Uganda hawahitaji kwenda Norway kutafuta mfano. Tarehe 2 Septemba 1972, huko Munich, John Akii-Bua, mtu wa jeshi la polisi, aliwekwa katika njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali, ambayo wakimbiaji huichukia. Akavivuka viunzi kumi na kumaliza mita 400 kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amepata kushuka chini ya sekunde 48 kabla yake, na hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki. Alipokwisha kushinda hakusimama, aliendelea kuuzunguka uwanja kwa furaha. Siku mbili baadaye polisi mwingine, Kipchoge Keino wa Kenya, akachukua dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mbio hizo asili yake ni farasi: inasimuliwa kwamba mwaka 1752 huko Ireland watu wawili walishindana juu ya farasi kutoka kanisa moja hadi jingine, wakiruka kila ua na mfereji uliowakabili. Binti wa Uganda, Peruth Chemutai, alishinda mbio hizo hizo katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021.

Akii-Bua naye aliujua ukimbizi. Vita vya mwaka 1979 vilipofika, alikimbilia Kenya akawekwa katika kambi ya wakimbizi, kabla ya kusaidiwa kwenda Ujerumani. Alirejea nyumbani baadaye, akafariki mwaka 1997. Askari alindaye lango la makazi ya wakimbizi angefanya vyema kulikumbuka hilo anapokagua karatasi za mtu asiyemjua.

Yote haya yana maana gani kambini? Mbarara iko juu, na alfajiri yake huwa na ubaridi. Kuruta huamshwa gizani na kuambiwa akimbie papo hapo kwa kasi, naye hutii, kwa kuwa kutii ndiko alikofundishwa. Afande mkufunzi mwenye busara huanza kwa mwendo wa miguu, kisha mbio za pole, kisha magoti juu, na mwisho huongeza kasi. Dakika kumi au kumi na tano tu. Kuna wanaowaamrisha watu wao kuinama na kushika vidole vya miguu kwa muda mrefu wakiwa baridi, wakidhani huko ndiko kupasha mwili. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa kujinyoosha kwa kusimama tuli kwa muda mrefu hupunguza kidogo nguvu ya kuruka na kukimbia inayofuata mara moja. Kunyoosha kwa mwendo, kama afanyavyo farasi katika matiti yake, ni bora kabla ya kazi.

Lililo gumu zaidi ni lori. Askari huketi juu ya benchi la mbao saa nzima na zaidi, barabara ya vumbi ya kuelekea Nakivale, bunduki magotini, miguu imekufa ganzi. Lori likisimama huamriwa kuruka chini na kukimbia, akiwa na mzigo mgongoni. Urefu wa lile bao la nyuma ni zaidi ya kiunzi cha Akii-Bua, na chini pana mawe. Adui au mhalifu hatasubiri mtu ajinyooshe, hilo twalijua. Lakini njiani dereva huweza kusimama dakika tatu kabla ya kufika, watu wakashuka mmoja mmoja kwa kushikilia, wakazunguka lori mara mbili. Na hata pasipokuwapo nafasi ya kusimama, vifundo vya miguu huzungushwa mtu akiwa ameketi, magoti hukunjwa na kukunjuliwa, mabega huviringishwa. Kamanda asiyeruhusu hata hayo hupata watu wake wakichechemea kabla risasi haijalia, na jina la kifundo kilichovunjika halisomwi katika orodha ya mashujaa.

Baada ya ruka ya mwisho, farasi haendi moja kwa moja bandani. Mpandaji hushuka, akalegeza mshipi wa tandiko tundu moja au mawili, na saisi humtembeza polepole. Akiwa na joto kali humwagia maji, na maji ya kunywa hampi ndoo nzima kwa mara moja, humpa kidogo kidogo. Huweka mkono kifuani mwa mnyama na kutazama mbavu zikipanda na kushuka. Pumzi ikitulia, humpapasa kano za miguu ya mbele, moja baada ya nyingine, akitafuta joto ambalo asubuhi halikuwapo.